Maziwa Ndani ya Damu

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya mazimwi, nasema zamani ya juzi juzi ambayo bibi zenu wanaikumbuka wakitaka, palikuwa na mwanamke jina lake Aikande. Aliolewa migombani, kwenye miteremko ya ule mlima mkubwa, mahali ambapo kila nyumba imezungukwa na shamba lake la ndizi na maji hushuka kwa mifereji. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina sungura wala mfalme, na mwisho wake sitauamua mimi. Mtauamua ninyi, na nitawatazama machoni mkiamua.

Aikande alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Watu wakasema, si mnawajua watu! Mumewe, Ndekirwa, akajifanya hasikii. Mama mkwe wake, Ndealilia, akawa anasikia na kuwajibu huko huko sokoni, tena kwa sauti. Halafu mimba ikashika, ikakaa, ikakua, na mtoto wa kiume akazaliwa. Akapewa jina la babu yake mzaa baba, Mkunde. Mkunde akalia, akanyonya, akakishika kidole cha mama yake akakikaza. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Hakuna aliyejua kwa nini. Wanaume walimzika nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na Aikande hakwenda kaburini kwa sababu mzazi hatoki nje. Alisikia jembe tu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yanapoanzia. Katika nchi ile mwanamke akizaa hukaa ndani miezi mitatu. Hagusi jembe, habebi maji. Mama mkwe ndiye anayemlisha: mtori wa ndizi na nyama uliozama kwenye samli, na mlaso, yaani damu ya mnyama iliyopikwa kwa maziwa na mafuta. Ananona, anang'aa. Ikifika siku ya kutoka, anavikwa vizuri, anampakata mtoto wake, anapelekwa sokoni, na wanawake wanampigia vigelegele kama shujaa aliyerudi vitani. Ndiyo desturi. Lakini desturi haikusema afanyiwe nini yule ambaye mtoto hayupo.

Ndealilia aliamua. Alikwenda zizini, akamtoa kondoo dume aliyekuwa akimnonesha tangu mimba ilipoonekana, akamchinjisha. Wanawake wa ukoo wakanong'ona kwamba kondoo wa uzazi huchinjwa mtoto akiwepo. Akawageukia.

"Mimi nilipokuwa bibi harusi nilizaa, mtoto akafa. Siku ya tatu nikapewa jembe. Nikaambiwa, wewe hukuzaa, wewe uliugua. Nani ananisikia? Huyu amezaa. Aliyezaa hulishwa."

Akaingia chumbani na bakuli la moto, akakaa kitandani kwa mkamwana wake, akamwambia, "Kula, mama Mkunde."

Aikande hakuwa na njaa. Lakini aliona wazi kwamba akilikataa bakuli lile amekubali kuwa hakuzaa, alikuwa mgonjwa tu. Akala. Siku hiyo akala, kesho yake akala, na kila alipokula Ndealilia alimfuta mdomo kwa kanga yake na kumwita mama Mkunde. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Maana Ndekirwa, mumewe, naye alikuwa ameamua la kwake. Aliwakusanya watu wa nyumba akawaambia, "Jina la yule mtoto lisitajwe tena hapa. Kidonda kisikwanguliwe." Akazikunja nguo ndogo akazipeleka kwa jirani. Akazichukua kazi zote za mke wake, za kukata majani ya ng'ombe, za kuteka maji, za kuchoma takataka. Mwanaume mzima alibeba mzigo wa majani kichwani kama wanawake, wenzake wakamcheka, hakujali. Aikande akijaribu kuinuka, anamwambia, "Lala, mke wangu. Pumzika." Mimi namsifu kwa mzigo ule wa majani. Kwa lile la jina, subirini kwanza.

Basi Aikande akala na kulala, akala na kulala. Miezi mitatu ikaisha. Ndealilia angepaswa kuitangaza siku ya kutoka, akashindwa. Atoke amepakata nini? Wanawake wapige vigelegele vya nini? Akasema, "Bado uso wake haujarudi. Tumuongezee mwezi." Ukaongezwa, na mwingine juu yake. Aikande akanenepa mwili, lakini macho yake yakadidimia. Usingizi ukamkimbia. Akikaa ukingoni mwa kitanda, anasahau kwa nini amekaa. Akivaa kiatu kimoja, anachoka kuvaa cha pili. Akawa anahema kwa kuvuka chumba tu. Mchana kutwa anautazama ukuta, na ukimwuliza anatazama nini, anasema, "Hakuna." Tena anasema kweli.

Ndipo akaja dada yake, Elinami. Huyu alikuwa kaolewa mjini, mwanamke wa haraka, akiona kitu kimepinda anakinyoosha papo hapo. Alipomwona mdogo wake alipiga ukelele mlangoni. "Mmemfanya nini?" Hakungoja jibu. Alimvika, akamshika mkono, akampeleka hospitali ya mjini, na Ndekirwa akawafuata nyuma amebeba kikapu.

Hospitali walimtoa damu. Ikatiwa kwenye chupa nyembamba, ikasimamishwa kwenye kibao chake, wakaambiwa wangoje. Aikande alikuwa amekaa karibu. Akaitazama, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama. Damu ikatulia. Wekundu ukashuka chini, na juu yake kikabaki kitu cheupe, kizito, cheupe pe pe pe, kama maziwa.

Moyo wake ulishtuka kwa mara ya kwanza tangu siku aliyosikia jembe. Alijua pale pale. Maziwa yake yalikuwa yamejaa kifua siku zile, yakamwuma, yakalowanisha kanga, halafu siku moja yakakauka bila kunyonywa. Hakuna aliyemwambia yamekwenda wapi. Kumbe hayakwenda mbali. Yamerudi kwenye damu, yamejificha, yanamngoja Mkunde.

Msimcheke. Anayetaka kucheka atoke nje.

Daktari alikuwa binti mpole mwenye sauti ya chini. Akawaita ndani, akamwambia Elinami na Ndekirwa, "Damu yake ina mafuta mengi sana, ni ya hatari kwa moyo na kwa kongosho. Tutayashusha kwa dawa, kwa chakula chepesi, kwa kutembea. Lakini huyu pia ana huzuni, huzuni iliyogeuka ugonjwa. Watu wengi wenye huzuni ya namna hii tunawakuta na mafuta, na wengi wenye mafuta tunawakuta na huzuni. Nani kamwita mwenzake, kwa kweli hatujui vizuri. Kwa hiyo tutibu yote mawili. Vidonge atavimeza, na awepo mtu mmoja wa kukaa naye amsikilize. Azungumze. Aletwe pia kwangu, nami nimsikilize."

Maneno yalikuwa mawili. Elinami alitoka na moja, la mafuta. Ndekirwa hakutoka hata na moja, alikuwa anatazama sakafu.

Walipofika nyumbani, Aikande alikuwa na swali. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu anachokitaka, akakibeba kwa watu wake watatu, mmoja baada ya mwingine.

Akaenda kwa mama mkwe wake jikoni. "Mama, maziwa ya mzazi yasiponyonywa huenda wapi?"

Ndealilia alikuwa anakoroga chungu. Mwiko ukasimama. Akasema, "Hayapotei, mwanangu. Yanarudi mwilini. Yanakungoja."

Akaenda kwa mumewe. "Ndekirwa, nimeyaona. Nimeyaona maziwa ya Mku..."

Ndekirwa akamwekea kidole mdomoni, taratibu kabisa, macho yamejaa machozi. "Usijitoneshe, mke wangu. Usiseme."

Akaenda kwa dada yake. "Dada, hizi dawa zitaondoa kile cheupe chote?"

Elinami akamkumbatia. "Chote, mdogo wangu! Hata tone halitabaki."

Hivyo ndivyo Aikande alivyoanza kuvitupa vidonge. Alivitia chini ya ulimi, akatabasamu, kisha akavitemea migombani. Na akawa anakwenda kwa Ndealilia kwa siri kuomba samli zaidi, na Ndealilia, aliyefurahi kuona mkamwana ameanza kuomba chakula, hakuuliza sababu. Akampa.

Elinami aliporudi kumtazama, aliviokota vidonge chini ya mgomba vimelowa. Moto ukawaka. Akahamia pale nyumbani na mkeka wake. Akamsimamisha Ndealilia mlangoni akiwa na bakuli mkononi, mtu mzima, mama mwenye nyumba yake, akamwambia, "Mama, kwa heshima zote, unamuua. Rudi na bakuli lako." Ndealilia akarudi nalo. Watu walimwona akilimwaga mferejini, akabaki ameinama pale kana kwamba kuna alichoangusha. Kuanzia hapo Elinami alimpa Aikande vidonge kwa mkono wake mwenyewe na kumkagua chini ya ulimi. Akampikia mboga za majani. Akampandisha kilima na kumteremsha, wakipita mbele ya soko lile lile, na wanawake sokoni wakainamisha vichwa.

Na hakuna tena aliyemwita mama Mkunde.

Mafuta yalishuka. Hilo ni kweli, tumpe Elinami haki yake. Waliporudi hospitali, Ndekirwa na Ndealilia nao wakiwepo, chupa ikasimamishwa, wekundu ukashuka, na juu yake pakabaki maji ya manjano, safi, unaona hata upande wa pili. Elinami akapiga makofi. Akageuka amkumbatie mdogo wake.

Aikande alikuwa amesimama. Sauti aliyoitoa, wagonjwa wa wodi ya mbali waliisikia.

"Mmeyamwaga! Mmemwaga maziwa ya Mkunde! Sasa atanyonya nini? Akija, atanyonya nini?"

Ndipo wote watatu walipojua alichokuwa akikibeba. Daktari aliketi sakafuni kando yake, akamshika, akaanza kumweleza kwa upole kwamba yale hayakuwa maziwa. Aikande hakumsikia. Alipotoka pale hakurudi kwa mumewe. Alikwenda kwa baba yake, Mzee Nderingo, akalala kwenye chumba alicholala akiwa msichana, akafunga mdomo wake. Hakumsemesha mtu. Baba yake alimnywesha uji kwa kijiko, kama alivyomnywesha alipokuwa hana meno, na mzee yule alikuwa akienda kulia kwenye zizi la mbuzi ili asionekane.

Na sikieni ajabu nyingine. Baba yake alipompeleka kupimwa, samli hajaionja, nyama hajaigusa, cheupe kilikuwa kimeanza kurudi. Daktari akatikisa kichwa. "Sasa hapa hakuna bakuli la kulaumu. Pengine ni kulala kutwa, pengine ni huzuni yenyewe. Siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba akiendelea hivi, mwili hautangoja. Mzee, ampate mtu mmoja. Mmoja tu, asiyemvuta huku na huku. Akae naye mpaka aseme kilichomkaba."

Mzee Nderingo akarudi nyumbani, akatuma ujumbe kwa wale watatu.

Wachaga wana jani wanaloliita isale. Mmea wake ni mrefu, hupandwa kwenye mipaka ya mashamba. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea jani, amesamehe, na maneno yameisha. Wakaja wote watatu siku moja, kila mmoja na jani lake, wakakutana kwenye lango la mzee wasitazamane.

Mzee akawaketisha uani. Mlango wa chumba cha Aikande ulikuwa wazi, na Aikande kalala ameelekea ukutani, anasikia kila neno.

Mzee akasema, "Nitapokea jani moja tu. Atakayepokelewa ndiye atakayekaa na binti yangu mchana na usiku mpaka apone. Wengine wawili watakaa mbali, hata salamu wasilete, mpaka awaite mwenyewe. Na msiniambie mlivyompenda. Hilo nalijua. Jani hubebwa na mkosaji. Basi niambieni mlivyomkosea. Aliyemkosea zaidi ndiye nitakayempokea."

Mnaona mtego wa mzee? Kila mmoja alimtaka Aikande, na ili ampate ilimbidi ajishtaki.

Ndealilia alianza, akiwa amepiga magoti, jani kaliweka juu ya viganja viwili. "Baba Aikande, jani ni langu. Wanasema nilimlisha mafuta. Hilo kosa dogo. Kosa langu ni kwamba nilikuwa simlishi yeye. Nilikuwa namlisha yule msichana aliyepewa jembe siku ya tatu. Huyo ndiye niliyemuona pale kitandani. Bakuli lilikuwa langu, kilio kilikuwa changu. Na aliponiuliza maziwa yanakwenda wapi, nilimdanganya, kwa sababu nami nilitaka iwe hivyo. Siku zote hizi nilitaka yawe yananingoja. Uongo ule ndio uliomshika."

Ndekirwa akasema, "Baba, mama anajisingizia. Mama ndiye peke yake aliyemwita mke wangu kwa jina la mtoto wake. Mimi nilimzika mwanangu kule migombani, nikarudi nikamzika tena midomoni mwa watu. Nilisema namlinda Aikande. Baba, nilikuwa najilinda mimi. Nililibeba sanduku lake dogo la kuzikia kwa mkono mmoja, na kila jina lile liliposemwa nilikuwa nauhisi wepesi wa sanduku lile. Kama tungelitaja jina mezani, kama tungelia wote, asingekwenda kumtafuta mtoto ndani ya chupa. Alikuja kuniambia. Jina lilikuwa limefika nusu mdomoni. Nikalifunga kwa kidole hiki."

Elinami hakupiga magoti. Alisimama na jani lake. "Hao wawili hawakuwa wakijua: mama hakuwepo, shemeji alikuwa akitazama sakafu. Mimi nilijua. Daktari aliniambia mambo mawili kwa mdomo wake, nikachukua moja kwa sababu ndilo linalopimika. Huzuni haionekani kwenye chupa, nikaiacha. Nikamfukuza mlangoni mtu pekee aliyemwita mama, na sikuweka chochote mahali pake. Nilimpandisha kilima akilia, nikadhani ni jasho. Na siku ile, baba, nilipiga makofi. Mdogo wangu anafiwa mara ya pili, mimi napiga makofi. Asiyejua husamehewa upesi. Mimi nilijua nusu, na nusu nyingine niliiacha njiani. Jani ni langu."

Ndealilia akasema, "Bila bakuli langu pasingekuwa na mafuta." Ndekirwa akasema, "Mafuta yamerudi bila bakuli." Elinami akasema, "Lakini yalipoondoka, ni mimi niliyemwacha mikono mitupu." Wakaanza kugombea hatia kama watu wanaogombea shamba, sauti zikapanda, na mzee akainua mkono.

Aikande alikuwa amesimama mlangoni.

Hakuna aliyemsikia akiinuka. Amejishika kwenye fremu, anahema, miguu mitupu. Na mkononi alikuwa na jani la isale, bichi, alilolichuma kwenye mpaka wa shamba la baba yake, hakuna ajuaye lini. Fundo lake lilikuwa limelegea, maana vidole havikuwa na nguvu.

Alizungumza, na sauti ilikuwa inakwaruza kwa kutotumika.

"Mlikuwa wote mnaniambia nile, ninyamaze, nitembee. Hakuna aliyeniuliza usiku ule ulikuwaje. Alilia. Mkunde alilia, anataka kunyonya. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, ngoja kidogo, mwanangu, nifumbe macho kidogo tu. Nikasinzia. Nilipoamka kifua kilikuwa kimelowa maziwa, naye alikuwa wa baridi."

Hata mimi sikuwaambia hili, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu.

Ndealilia alijifunika uso. Ndekirwa alifungua mdomo wake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya jembe akasema, "Mkunde." Akasema tena, "Mkunde wetu." Elinami aliketi chini pale pale aliposimama, akasema, "Mdogo wangu, sikukuuliza."

Aikande akalitazama jani lake. "Na hili langu nilipeleke wapi? Wa kulipokea amelala chini ya migomba."

Mzee Nderingo alisimama katikati ya uani, viganja viwili mbele, vitupu. Mikono mitatu ilikuwa inamwelekea na majani matatu, na wa nne ulikuwa mlangoni, hauelekei kwa mtu. Neno lake lilikuwa moja, atapokea jani moja tu, na katika nchi ile mzee halirudishi neno lake. Na yule binti, mmemsikia daktari, hana siku nyingi za kungoja wabishane.

Basi mimi nimefika mwisho wa njia yangu, na mbele yangu mmekaa ninyi. Mmoja alimlisha kwa ajili ya kilio chake mwenyewe. Mmoja alilifunga jina. Mmoja alijua mambo mawili akabeba moja. Na wa nne alisinzia, kisha akawa anamfuata mwanawe polepole kwa kunyamaza.

Je, mzee alipokee jani la nani? Na lile la Aikande, nani kati yetu ana mikono ya kulipokea?